Jumamosi haiuzwi mara mbili: pesa na ujuzi wa mpiga picha za harusi

Kuna swali moja ambalo wapiga picha za harusi hutuuliza kwa namna tofauti tofauti, lakini likifunguliwa ni lile lile: "Mteja alinitumia dipoziti, sasa harusi imesukumwa mbele na anataka pesa yake. Nirudishe ama nisirudishe?" Mwenye kuuliza huwa ameshatumia hiyo pesa. Amekodi lenzi, amemlipa msaidizi kitu kidogo, na ameshawakataa watu wengine wawili waliotaka tarehe hiyo hiyo.

Sisi hatuwezi kuamua kesi hiyo kwa niaba ya mtu yeyote. Tunachoweza kusema ni kwamba jibu lake lilipaswa kuandikwa siku pesa ilipoingia, wala si siku mgogoro ulipoanza. Watu wengi wanaingia kwa kazi hii wakijua kamera vizuri sana na wakijua pesa kidogo sana. Leo tuzungumzie zote mbili, kwa sababu mpiga picha aliyejifunza kwa simu yake ndiye huyo huyo anayelipwa kwa simu hiyo.

Kujifunza: video ni nyingi, lakini jua letu si lao

Siku hizi si lazima uende chuo ndio ujue kupiga picha. Kwa YouTube kuna masomo ya bure ya kila aina: jinsi ya kutumia flashi, jinsi ya kupanga watu thelathini wa familia bila mtu kufichwa, jinsi ya kusafisha picha kwa kompyuta. Kama bando ndiyo tatizo, punguza ubora wa video hadi 480p. Maelezo ya mwalimu hayabadiliki kwa sababu picha yake si kali. Ama pakua video ukiwa kwa Wi-Fi uangalie baadaye.

Shida iko mahali pengine. Walimu wengi wa video hizo wanafundisha wakiwa Ulaya ama Marekani, na wanakuambia picha nzuri hupigwa jioni, jua likiwa chini, mwanga ukiwa laini kwa muda mrefu. Sasa jaribu hiyo Kenya. Sisi tuko kwa mstari wa ikweta. Jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na likianza kushuka linashuka haraka. Mwanga ule mzuri unaupata dakika chache tu. Saa hizo bwana na bibi harusi wako ndani ya hema wakikata keki. Ratiba ya kawaida inakupa wawili hao mara tu baada ya kanisa, saa saba mchana, jua likiwa juu ya kichwa na macho ya kila mtu yakiwa na kivuli cheusi chini ya paji la uso.

Kwa hivyo somo la kwanza la kujifundisha ni kivuli. Tafuta mti mkubwa, baraza ya kanisa, ukuta mweupe unaorudisha mwanga, ama hata upande wa basi lililowaleta wageni. Wasimamishe pale pembeni kivuli kinapoishia, wakiangalia upande wenye mwanga. Usiwaweke chini ya mti wenye matundu, kwa sababu utapata madoa ya jua usoni na hakuna programu itakayoyaondoa vizuri.

Somo la pili ni lile ambalo video nyingi hulipita haraka, na kwetu ndilo kubwa kuliko yote: ngozi nyeusi kando ya gauni jeupe. Kamera haijui kwamba inaangalia harusi. Inapima mwanga ikitaka kila kitu kitoke kijivu cha wastani. Ukiielekeza kwa gauni, inaona mweupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso wa bibi harusi unatoka giza tupu. Ukiielekeza kwa suti nyeusi ya bwana, inaongeza mwanga, na gauni linaungua. Lesi zote ambazo fundi alishona wiki tatu zinageuka karatasi nyeupe. Tatizo hili lina historia ndefu. Miaka mingi kampuni ya Kodak ilikuwa ikitumia picha za wanawake wazungu, zilizoitwa kadi za Shirley, kupima kama rangi zimetoka sawa kwa maabara. Ngozi yetu haikuwa kwenye kipimo.

Njia ya kulishinda ni mazoezi. Pima mwanga usoni, si kwa nguo. Angalia kwenye kamera kama sehemu nyeupe zimeungua, kisha shuka kidogo kidogo mpaka lesi zionekane tena. Piga kwa faili za RAW, kwa sababu zinabeba mwanga mwingi kuliko JPEG na unaweza kuokoa uso ama gauni baadaye. Mchukue dada yako ama binamu yako, mfunge leso nyeupe, msimamishe mlangoni saa sita mchana, upige mara mia. Halafu mwite jirani mwenye ngozi ya rangi tofauti, muwe nao wawili pamoja, upige mia nyingine. Kamera ya dijitali haina gharama ya filamu. Afadhali ukosee hapo kuliko ukosee kanisani.

Kuna vitu ambavyo hakuna video ya kigeni itakufundisha. Kwenye ruracio, wanawake hufunikwa leso na bwana anatakiwa kumtambua wake. Usipojua kwamba sehemu hiyo inakuja, utakuwa nje ukipiga picha za mbuzi wakati vicheko vyote viko ndani. Kwenye harusi za Waswahili kule Pwani, kupamba ni shughuli ya wanawake peke yao. Mpiga picha mwanamume haingii mlangoni, na mara nyingi hata simu za wageni zinazuiwa. (Dada zetu mnaosoma hapa: hiyo ni kazi inayowangoja.) Uliza mapema. Tafuta mtu mzima wa kila upande, mara nyingi shangazi ama mjomba, umwambie kwa heshima: "Shangazi, mimi ndiye nitapiga picha. Naomba unieleze mambo yatafuatana vipi ili nisipitwe." Dakika kumi na shangazi zinakuokoa.

Kama unaanza kabisa, usianze na harusi ya wageni mia tano. Omba kuwa msaidizi wa mtu mwenye uzoefu, hata kwa nauli na chakula. Harusi za kwa AG, pale Sheria House Nairobi, pia ni mahali pazuri pa kukomaa: watu ni wachache, shughuli ni fupi, na wengi wanataka picha kumi na tano safi tu.

Kulipia masomo bila kuumia

Ukitaka kwenda mbele ya video za bure, kuna kozi za kulipia na programu za kusafisha picha zinazolipiwa kila mwezi. Kadi ya mtandaoni inayounganishwa na akaunti yako ya pesa za simu inafanya kazi hiyo. Angalia mambo mawili tu. Kwanza, bei iko kwa dola, kwa hivyo kiasi kitakachokatwa hubadilika na bei ya dola. Pili, "jaribu bure siku saba" huwa inageuka malipo siku ya nane kama hukusitisha. Weka alamu ya simu siku ya sita. Na kama pesa haitoshi, programu kama darktable na RawTherapee ni za bure na zinafungua faili za RAW vizuri.

Jihadhari na "mwalimu" anayekutafuta kwa WhatsApp akikuahidi cheti na kazi za harusi ukituma ada ya usajili kwa namba yake binafsi. Hakuna bibi harusi atakayekuuliza cheti. Atauliza picha.

Bei: hesabu siku, usihesabu saa

Tuseme umepewa kazi ya Jumamosi Limuru kwa shilingi 60,000. Inasikika kama pesa nzuri ya siku moja. Sasa toa: mpiga picha wa pili 8,000, usafiri 3,500, albamu iliyochapishwa 14,000, kukodi lenzi 3,000, bando na programu 1,500. Umebaki na 30,000.

Halafu hesabu siku. Siku moja ya kukutana na kamati na kwenda kuangalia kanisa na uwanja. Siku yenyewe. Siku nne za kuchagua na kusafisha picha, maana utarudi na picha zaidi ya elfu mbili na mtu mmoja tu wa kuziangalia. Siku sita. Kumbe unapata 5,000 kwa siku, na hapo kamera inazeeka, betri zinachoka, na kuna miezi ya mvua ambapo simu haiiti kabisa. Harusi zetu hujaa Agosti na Desemba shule zikiwa zimefungwa. Aprili ni matope. Pesa ya Desemba ndiyo italipa kodi ya nyumba ya Aprili, kwa hivyo itengee akaunti ya akiba siku inayoingia. Ikikaa kwa salio la kawaida itatoka tu, hata hutajua iliendaje.

Bei hizi ni za mfano. Weka zako. Lakini usimtajie mteja bei kabla hujafanya hesabu hiyo kwa karatasi.

Arubuni: unachouza kwanza ni tarehe

Mwaka una Jumamosi 52. Ukimpa mtu moja, umemnyima mwingine, na ikishapita hairudi. Hiyo ndiyo maana ya arubuni, ama dipoziti kama wengi tunavyoiita: si sehemu ya malipo ya picha tu, ni malipo ya kufunga tarehe. Mteja akielewa hivyo tangu mwanzo, ugomvi unapungua. Usipomwelezea, yeye anaona amekupa pesa na hujamfanyia kitu chochote.

Mgawanyo unaofanya kazi kwa wengi ni wa mara tatu. Kwa ile kazi ya 60,000: 18,000 siku ya kufunga tarehe, 30,000 kabla ya Jumatatu ya wiki ya harusi, na 12,000 kabla ya kukabidhi picha na albamu. Usikubali ile ya kati isogezwe hadi siku ya harusi. Siku hiyo kila mtu mwenye pesa amezima simu ama anatafutwa na mpishi, mtu wa hema na dereva wa basi, na wewe utakuwa wa mwisho kwa foleni.

Wengine watataka kulipa mdogo mdogo. Hakuna ubaya. Mpe mteja namba yako ya till na umwambie kila akituma akuandikie. Lakini weka kiwango: tarehe haijafungwa mpaka 18,000 zikamilike. Elfu mbili mbili za kila wiki zisikufanye ukatae mteja mwingine.

Kisha andika. Si lazima uende kwa wakili. Meseji moja iliyo wazi, na mteja akajibu "nimekubali", ni afadhali mara kumi kuliko maneno ya simu. Iwe na tarehe ya harusi, mahali, saa za kuanza na kumaliza, picha ngapi, albamu ya aina gani, itakuwa tayari lini, na malipo matatu. Halafu weka sentensi tatu ambazo ndizo watu husahau: harusi ikiahirishwa na wewe uko huru tarehe mpya, arubuni inahamia huko mara moja, harusi ikifutwa na mteja, arubuni hairudishwi, wewe ukishindwa kufika, unarudisha pesa yote ama unaleta mpiga picha mwingine ambaye mteja amemkubali. Hiyo ya tatu usiiache. Mkataba unaomlinda mtu mmoja tu, mwingine hauheshimu.

Sasa rudi kwa lile swali la mwanzo. Kama sentensi hizo zilikuwepo, wote wawili wanajua la kufanya kabla hawajakasirika. Kama hazikuwepo, mnaongea kama watu. Ushauri wetu ni uhamishe arubuni kwa tarehe mpya ukiweza, na kama haiwezekani, muonyeshe mteja kile ambacho kilikwisha kulipwa na risiti zake, kisha urudishe kilichobaki. Mteja anayeondoka kwa amani ana binamu ambao hawajaoa bado.

Pesa inatoka kwa nani hasa?

Hapa Kenya anayekulipa mara nyingi si bwana wala bibi harusi. Ni mweka hazina wa kamati. Pesa inakuja na jina usilolijua, wiki tatu baadaye inakuja nyingine kutoka kwa kaka wa bibi harusi, na ya mwisho inatumwa na mtu wa kanisa. Ukiwa na harusi nne mwezi huo, huwezi kukumbuka ipi ni ya nani.

Tumia till ama Paybill ya biashara, si laini yako ya kununua sukuma. Ukiwa na Paybill, mwambie kila anayelipa aweke tarehe ya harusi kama namba ya akaunti, kwa mfano 12DEC, na orodha inajipanga yenyewe. Ukiwa na till tu, jibu kila malipo siku ile ile: "Mweka hazina, habari ya asubuhi. Nimepokea 30,000 ya harusi ya tarehe 12 Desemba. Jumla mmelipa 48,000, imebaki 12,000. Asante sana." Mtumie pia bibi harusi nakala. Inaonekana kazi ndogo, lakini imewahi kuzuia vita: kamati inasema ililipa, wewe unasema hukupata, kumbe mtu alituma kwa namba ya mwaka jana.

Kama kazi ni kubwa, waambie mapema kwamba mtu hawezi kutuma zaidi ya 250,000 kwa mara moja wala kupita 500,000 kwa siku. Wasigundue hilo usiku wa mwisho.

Faida nyingine ya till utaiona baadaye. Siku utakapotaka mkopo wa kununua kamera ya pili, taarifa ya malipo ya miezi kumi na miwili inaongea kuliko maneno yako. Ikiwa imechanganyika na pesa za chama, karo na tokeni za stima, hakuna atakayeielewa, hata wewe.

Meseji ya saa mbili usiku

Umesimama tangu saa kumi na moja alfajiri. Wageni wanaondoka. Mtu wa kamati anakuja na simu yake: "Si hii hapa, nimetuma, angalia." Unaona meseji, unaona kiasi, unaona jina lako. Unamkabidhi flash disk.

Usiangalie simu ya mtu. Angalia salio la till yako. Meseji ya kweli huja kwako, kwa jina la huduma, si kwa namba ya kawaida ya simu, na salio linabadilika. Meseji ya bandia inaweza kufanana na ya kweli neno kwa neno. Kitu ambacho haiwezi kufanya ni kuongeza salio lako. Kama mtandao unasumbua, subiri. Sema tu, "Ndugu, ikishaingia nakupa saa hiyo hiyo." Mwenye kulipa kweli hakasiriki.

Ukipigiwa simu na mtu akidai amekutumia pesa kimakosa na anataka umrudishie haraka kwa namba nyingine, usirudishe mwenyewe. Mwambie aombe kurejeshewa kupitia huduma kwa wateja. Na sisi hatukuulizi PIN yako kamwe, iwe ni Jumamosi usiku ama Jumatatu asubuhi.

Picha ni za nani?

Wapiga picha wengi hawajui hili: chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ukiagizwa na mtu asiye mwajiri wako, hakimiliki inahesabiwa kuwa imeenda kwa aliyekuagiza, isipokuwa mkikubaliana vinginevyo. Kwa hivyo kama unataka kubaki na haki ya kuonyesha picha hizo kutafuta wateja wengine, iandike kwa yale makubaliano. Usidhani ni zako kwa sababu wewe ndiye ulibonyeza.

Kisha kuna idhini ya walio kwenye picha. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza sehemu moja ya burudani Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa yake. Uliza maharusi, kwa maandishi, picha zipi unaweza kuweka Instagram. Watoto wa watu waache. Picha za kupamba usiziguse kabisa, isipokuwa bibi harusi mwenyewe amekuambia ndiyo. Na kama kazi ina droni, ruhusa ya KCAA iwe mkononi kabla hujaitaja kwa bei.

Kukabidhi

Kamera yenye nafasi mbili za memori kadi inaweza kuwekwa iandike kila picha mara mbili. Kama unaweza kukodi ya aina hiyo, kodi. Usiku huo huo, kabla hujalala hata kama miguu inauma, hamisha picha kwa diski mbili. Moja ikae kwako, nyingine ikae nyumba nyingine kabisa, kwa mama ama kwa rafiki, kwa sababu mwizi akiingia hachagui diski.

Malizia kusafisha, tuma mteja picha chache ndogo zenye alama yako azione, na umkumbushe salio lililobaki. Ikishaingia kwa till, kabidhi zote, muombe akuandikie kwamba amezifungua na zimekamilika. Baada ya hapo ndipo ufute kadi.